Mgeni Mwenye Adabu Mjini Nairobi

Watu wa Kakamega ni watu wapendao wageni, na neno hilo halihitaji ushahidi, maana kila apitaye katika njia zetu hulijua. Mgeni akipiga hodi, jiko huwashwa hata ikiwa ni saa nne ya usiku. Kuku hukamatwa, na firigisi yake huwekwa katika sahani ya mzee anayestahili heshima. Lakini sisi tumefundishwa sana jinsi ya kumpokea mgeni, wala hatukufundishwa sana jinsi ya kuwa mgeni. Mimi nalikuwa karani kwa miaka mingi, na sasa ni mkulima wa mahindi na miwa kidogo, na nywele zangu ni nyeupe. Walakini adabu ya mgeni nilijifunza uzeeni, mjini Nairobi, mwezi wa Agosti mwaka 2018, nami nilijifunza kwa aibu. Naandika haya ili msomaji anayefunga mzigo wake leo apate mafundisho bila ya kulipa ada niliyolipa mimi.

Safari yangu ilikuwa ya kufuata karatasi za malipo ya uzeeni katika ofisi moja ya mjini. Nilikuwa na mahali pa kufikia, maana mwana wa marehemu ndugu yangu mdogo, ambaye kwa desturi yetu ni mwanangu kabisa, anakaa na mkewe na mtoto wao mmoja mtaa wa Umoja, upande wa mashariki ya Nairobi. Sikumpigia simu. Nilijiambia, Je, baba huomba ruhusa kwenda kwa mwanawe? Nikachukua jogoo katika kikapu, mkungu wa ndizi, na karanga kidogo, nikapanda basi alfajiri.

Nilifika alasiri, nikapanda ngazi mpaka orofa ya tatu, nikapiga hodi kwa sauti ya kijijini, sauti ivukayo shamba. Mlango ulifunguliwa na mke wa mwanangu, uso wake umejaa usingizi. Yeye ni muuguzi, na majuma yale alikuwa na zamu ya usiku, hata mchana ndio usiku wake. Aliinamisha macho, akajifunika leso kichwani, akasema, "Karibu, Baba." Akanipa kiti na maji, akachukua mfuko wake, akatoka. Nilibaki peke yangu na jogoo wangu, nikawaza kwamba mapokezi ya mjini ni baridi.

Mwanangu alirudi jioni, akafurahi kuniona, nasi tukazungumza mpaka usiku. Nilipewa sebule nilale, maana nyumba ilikuwa na sebule na chumba kimoja tu. Mtoto aliyekuwa akilala hapo sebuleni akaenda kulala na baba yake. Saa tisa na nusu ya usiku jogoo akawika. Akawika tena. Jirani mmoja akagonga ukuta, na mwingine akauliza kwa sauti kuu kama tumefungua soko. Kesho yake jogoo alichinjwa, na chakula kilipoletwa na mwanangu, firigisi ilikuwa katika sahani yangu. Nililiona jambo hilo kuwa haki yangu, nikala, wala sikuuliza ni nani aliyekumbuka kuiweka.

Ofisi ile iliniambia nirudi Alhamisi. Alhamisi ikaniambia nirudi Jumanne. Siku zikapita, nami nikawa na malalamiko kila jioni. Nilisema kwamba watu wa Nairobi hawana salamu. Nilisema kwamba askari wa milangoni hufungua mifuko ya wazee kama ya wezi. Na zaidi ya yote nilishangaa kwamba mke wa mwanangu alirudi kazini asubuhi, akapika, akatoka tena, hakuonekana mpaka saa ya zamu. Siku ya tisa nikamwambia mwanangu, "Mke wako hakai nyumbani. Mtu aliyefanya kazi usiku kucha hulala; huyu huenda wapi?" Mwanangu alitazama chini, akajibu, "Nimesikia, Baba Mkubwa." Hakusema neno jingine.

Siku ya kumi na moja nalikuwa nikishuka ngazi, nikakutana na mama mmoja, jirani wa orofa ya pili, mwenyeji wa Machakos. Alinisalimu kwa heshima, kisha akasema, "Mzee, usinichukie kwa neno nitakalosema. Yule binti yako analala kwangu mchana, leo siku ya kumi na moja. Mimi simchoki, ni mtoto mwema. Lakini kitanda changu ni chembamba, na wanangu wako likizo. Ameniambia kwamba kwenu mwanamke halali usingizi katika nyumba yenye vyumba viwili hali baba mkwe yuko ndani."

Msomaji, niliketi pale pale katika ngazi.

Ni lazima nieleze, kwa ajili ya wasiotujua. Katika koo nyingi za Waluhya, baba mkwe na mke wa mwana huwekeana heshima ya mbali. Hawashikani mikono, hawaketi kula pamoja, na baba halali katika nyumba ya mwanawe. Kijijini jambo hili ni jepesi, maana kila mtu ana nyumba yake, na uwanja ni mpana. Hapa Kakamega nisingeweza kufanya jambo kama lile hata usiku mmoja. Wazee wangeniita barazani. Lakini nilipofika mjini nilifanya usiku kumi, wala moyo wangu haukunishtaki. Nilijiona kuwa mlinzi wa desturi katika mji usio na desturi, kumbe aliyeivunja desturi ni mimi, na aliyeishika ni yule mwanamke niliyemsema kwa mumewe. Ndiye aliyeweka firigisi katika sahani.

Jioni ile nilimwambia mwanangu kwamba nimejua. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akanijibu, "Baba Mkubwa, ningeanzaje? Mtu hamwambii baba yake kwamba nyumba imejaa. Ungerudi nyumbani na kusema kwamba nilikufukuza." Naye alisema kweli, maana hivyo ndivyo ningalivyosema. Tukapatana hivi: kula, nitakula kwake jioni, lakini kulala, nitalala katika nyumba ya wageni iliyo karibu, kwa fedha zangu, mpaka kazi yangu iishe. Nilinunua leso nzuri jozi moja, nikampa mwanangu ampelekee mkewe, kwa kuwa haifai nimpe kwa mkono wangu. Sikumwagiza maneno mengi. Nilisema tu, "Mwambie kwamba baba amekosa."

Basi kutoka siku ile nilianza kuutazama mji kwa macho mengine, nikamwuliza mwanangu mambo ambayo ningalimwuliza siku ya kwanza. Haya ndiyo niliyokusanya.

Kwanza, toa habari mapema. Simu moja yatosha, nayo iwe na maswali mawili: je, mahali pa kulala papo, na siku gani zitawafaa? Kisha utaje siku ya kuondoka, maana mwenyeji hawezi kukuuliza. Mji wa Nairobi ulianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na katika siku za ukoloni Mwafrika aliyefanya kazi humo alibeba kipande, akapewa chumba cha mtu mmoja, kwa kudhaniwa kwamba mke na watoto wake watabaki kijijini. Tangu mwanzo nyumba za wafanya kazi hazikujengwa kwa kumfikiria mgeni, na hata sasa nyumba nyingi za orofa zimepimwa kwa watu walio ndani tu. Anayekupa sebule huenda amempa mtu mwingine usumbufu usiouona.

Pili, kumbuka jembe. Wahenga walisema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi huidhani methali hii ni ya kijijini tu, maana mjini hakuna shamba. Lakini jembe la mjini lipo, nalo ni mfuko wako. Kwetu unga hutoka ghalani, kuni hutoka mtoni, na maji hutoka chemchemini. Kule unga hununuliwa, gesi ya kupikia hununuliwa, hata maji mara nyingi hununuliwa kwa mtungi. Tangu mwaka 2007 tunayo M-Pesa, na si vigumu kumpelekea mwenye nyumba kiasi kidogo na kusema, "Hii ni ya mboga." Akikataa mara ya kwanza, ujue ni adabu yake, tuma tena. Na ukichukua zawadi kutoka shambani, chukua mahindi, maharagwe, ndizi na karanga. Jogoo aliye hai mwache nyumbani.

Tatu, pima salamu zako. Siku ya kwanza nilimsalimu kila mtu niliyekutana naye, "Mulembe!", na nilipoona kwamba hawaitiki nikasema kwamba ni watu wakavu. Lakini hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 4,397,073 katika Nairobi; nani ataweza kuwasalimu wote afike kazini? Salamu ya mjini ina mipaka yake, na ndani ya mipaka hiyo ni ya lazima kama ya kwetu. Msalimu bawabu wa lango, jirani wa ngazi moja nawe, mwenye duka, na karani kabla ya kumweleza shida yako. Usimshike mtu mkono na kumwuliza habari za ng'ombe wake hali anatazama saa. Mtu apitaye upesi hakudharau. Anaogopa kufukuzwa kazi.

Nne, simama katika mstari. Jioni watu wa Nairobi wanaongojea matatu husimama kwa foleni ndefu, na hilo ni jambo la kustahili sifa kwa watu waliochoka. Mimi nilikwenda mbele moja kwa moja, kwa kuwa kwetu mzee hapangi mstari nyuma ya vijana. Kijana mmoja akaniambia kwa upole, "Mzee, sote tumechoka. Lakini chukua nafasi yangu, mimi nitakwenda nyuma." Naye akaenda nyuma kweli, mvua ikaanza kumnyea. Sikupata raha katika gari lile. Heshima ya uzee ni kitu cha kupewa, si cha kunyakua. Ukisimama mahali pako, mara nyingi utaitwa mbele. Juu ya hayo, uliza nauli kabla ya kupanda, maana mvua ikinyesha au watu wakiwa wengi nauli hupanda, na kugombana na kondakta njiani kunawachelewesha wote. Weka fedha ndogo mkononi, na simu mbali na dirisha. Funga mkanda pia. Kanuni za magari zilizotiwa nguvu mwaka 2004 zataka kila abiria awe na mkanda wake.

Tano, kubali kupekuliwa. Katika majengo mengi utafunguliwa mfuko, na pengine utaombwa kitambulisho langoni. Neno hili liliniudhi kuliko yote, mpaka siku moja mwanangu aliponipeleka kwenye bustani iliyo mahali palipokuwa ubalozi wa Marekani, katika pembe ya barabara ya Moi na barabara ya Haile Selassie. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuka pale, na watu zaidi ya 200 wakafa mjini Nairobi, walio wengi wao wananchi waliokwenda kazini au kupita njiani kama mimi. Majina yao yameandikwa ukutani. Mwezi ule ule niliokuwa mjini ulitimia mwaka wa 20 tangu siku hiyo. Niliyasoma majina, nikayaona ya Kiluhya, ya Kikuyu, ya Kijaluo, ya Kikamba, yote pamoja. Tena tarehe 21 Septemba 2013 watu wenye silaha waliingia katika duka kubwa la Westgate, wakaua watu zaidi ya 60. Tulipotoka bustanini tuliingia katika jengo jingine, na nilikifungua kikapu changu mwenyewe kabla askari hajasema neno. Hali kadhalika, usipige picha askari wala majengo ya serikali bila ya ruhusa. Watu waliopata msiba wana haki ya kuwa waangalifu.

Sita, zijue sheria za mahali. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imekatazwa katika Kenya nzima, basi zawadi zako zitie katika kiondo au gunia. Sheria ya tumbaku ya mwaka 2007 yakataza kuvuta sigara mahali pa watu wote, isipokuwa palipotengwa kwa kazi hiyo. Usiteme mate njiani. Katika barabara kubwa kama ile ya Thika, iliyofunguliwa baada ya kupanuliwa mwaka 2012, vuka kwa daraja la wapita njia, hata ukiona vijana wanakimbia kati ya magari. Kijana akiponea chupuchupu husimulia; mzee hana mbio hizo.

Saba, sema lugha ambayo watu wote waliopo wanaielewa. Lugha ya mama ni tamu, na mtu aliye mbali na kwao huitamani kama maji. Lakini ukiisema na kucheka mbele ya jirani asiyeijua, atadhani kwamba anachekwa, na pengine hatakuwa amekosea. Siku zangu za kwanza nilisimama katika ngazi nikimweleza mwanangu kwa lugha yetu vituko vya watu wa mjini, hali yule mama wa Machakos akipita na ndoo yake ya maji. Kiswahili kipo kwa kazi hii. Mjini jirani ndiye ukoo wa kwanza, na yule asiye wa kabila letu ndiye aliyempa binti yangu kitanda wakati mimi, baba yake, nilipomnyima.

Hayo saba si mengi, na ukiyatazama vizuri utaona kwamba hayana geni ndani yake. Kutoa habari, kusaidia kazi, kusalimu, kungoja zamu, kutii mwenye nyumba, kutunza uwanja, kutomsengenya mtu mbele yake: ni yale yale tuliyofundishwa na mama zetu jikoni. Wengine husema kwamba mjini hakuna adabu, na kwa hiyo wakifika huko wanaiacha ya kwao pia. Hilo ndilo kosa langu. Mwenyeji wa mjini ameibana adabu yake ili itoshe katika vyumba viwili, naye anaishika kwa taabu kubwa kuliko sisi wenye uwanja mpana. Mgeni asiongeze taabu hiyo.

Mwezi wa Desemba mwaka ule ule mwanangu alinipigia simu majuma matatu kabla ya Krismasi. Akasema siku watakayofika, na siku watakayoondoka, na akauliza kama nyumba yake ya hapa bomani inavuja. Nilicheka, naye akacheka, maana tulielewana. Walipofika, mtoto alipita mbele ya wazee mbio bila kuwasalimu, akarudishwa na bibi yake kufundishwa. Basi nikaona kwamba hata wao wana masomo yao huku, kama mimi nilivyokuwa na yangu kule. Mke wa mwanangu alinisalimu kwa mbali, kama ipasavyo, amejifunga ile leso. Nikauliza habari za kazi, akajibu kwamba sasa ana zamu ya mchana.

Siku ya kuondoka niliwafungia mizigo mwenyewe. Mkungu wa ndizi na karanga vilikuwa vyao. Mkungu wa pili, na debe dogo la maharagwe, nikasema, "Huu si wenu. Mpelekeeni yule mama wa orofa ya pili, mkamwambie kwamba ni kodi ya kitanda." Baada ya siku mbili jibu lake likaja kwa simu: ameshukuru, maharagwe ni mazuri, na nikija tena Nairobi nitoe habari mapema, ili awaambie wanawe wapange mahali pa kulala.